Moto Usiootwa na Mtu

Chuo kimoja cha ualimu huko Upareni kilikuwa na kompyuta ishirini, na umeme wake wote ulitoka kwenye jua. Paneli juu ya bati zilikusanya, betri zilitunza, wanafunzi walitumia. Asubuhi waliingia wa mwaka wa pili, alasiri wa mwaka wa kwanza.

Sasa, hao wa asubuhi walikuwa na desturi yao: mashine inayowaka ina mwenyewe. Ukienda chai, unaiacha inawaka. Ukienda uwanjani, inawaka. Ukienda bwenini kujinyoosha, inawaka vilevile, ili mwenzio asikukalie kiti. Loo! Mashine ishirini zinanguruma na chumbani hamna hata nzi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ikifika saa nane betri zimekwisha, na wa alasiri wanakaa kutazama vioo vyeusi.

Mmoja wao alikuwa Nakijwa. Ripoti yake ya mazoezi ya kufundisha ilitakiwa itumwe kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa. Isipofika, anarudia mwaka, na kwao hawakuwa na uwezo wa kumsomesha mwaka mwingine. Wenzake thelathini walikuwa katika shida hiyohiyo. Mkuu wa chuo, alipochoshwa na malalamiko, akatangaza kwamba Jumamosi miti ya pale kisimani itakatwa, mbao ziuzwe, chuo kinunue jenereta. Watu wakapiga makofi. Nakijwa hakupiga. Moyo ulimuuma, maana maji ya kijiji kizima yalitoka chini ya miti ile.

Ijumaa, kengele ya chai ilipolia na chumba kikabaki kitupu, akaingia. Akahifadhi kwanza kazi ya kila mmoja, kisha akazima mashine moja baada ya nyingine, na juu ya kila kiti akaweka daftari la mwenyewe. Alizima zote ishirini, jamani.

Wa asubuhi waliporudi, patashika. Mbele yao alisimama Mbonea, kiranja wao, pande la mtu, mzaliwa wa kijiji cha hapo chini, akifoka kwamba amepokonywa nafasi. Nakijwa akamjibu mbele ya wote: "Kaka Mbonea, kiti chako nimekulindia. Nilichozima ni moto usiootwa na mtu, na kuni zake ni ile miti ya kisima anachochota mama yako."

Mbonea akaliinua daftari lake kitini. Akakaa, akawasha, akafanya kazi yake, na alipomaliza akazima kwa mkono wake mwenyewe. Kiranja akizima, nani atathubutu kuacha? Wakazima wote.

Siku ile saa nane ilifika, betri zikawa hai. Saa tisa, hai. Saa kumi na moja Nakijwa alituma ripoti yake, na wenzake wote wakatuma, hakusalia hata mmoja. Vigelegele vilifika hadi jikoni. Wapishi wakatoka na miko mikononi kuuliza nani anaolewa. Jumamosi, wenye misumeno walipokuja, mkuu, alipoona jenereta haihitajiki tena, aliwaambia warudi kwao, na Mbonea akawasindikiza hadi barabarani huku akiimba.

Jua halikuongezwa, wala betri haikununuliwa hata moja. Nanyi mnaonisikiliza, mmeacha nini kikiwaka ili tu mwingine asikae?