Kindi, Nyati na Kinu cha Mtama

Zamani sana, watoto, enzi wanyama walipokuwa na majiko na majirani, Kindi aliishi na wanawe wanne katika nyumba kavu juu ya mto. Masika yalipokaribia, Nyati akaja kugonga mlango. Gu! Gu!

"Hama, Kindi! Nyumba hii naitaka mimi."

Kindi aliogopa, tena sana. Wanawe wangelala wapi na mvua? Bahati yake, kijiji kile kilikuwa na mila: wawili wakigombea nyumba, kila mmoja hutwanga mtama kwa kinu na mchi wa kimo chake. Anayetua mchi kwanza, ndiye anayehama. Mjumbe Kobe akawapa siku ishirini wajiandae.

Kindi akaanza. Leo anatwanga mpaka mikono inauma, kesho anajilaza na kula kunde. Kila baada ya siku chache alichonga mchi mpya, mzito kidogo kuliko uliotangulia.

Nyati akachungulia uani. "Ha! Umelala saa hizi?"

"Mimi dhaifu, kaka. Lakini dume kama wewe upumzike? Si watakucheka!"

"Wathubutu!"

Basi Nyati akatwanga kila siku, asubuhi hadi jioni, pu! pu! pu! Hata kula akaona ni kupoteza wakati.

"Kindi, mabega yananiwaka moto."

"Ndiyo nguvu hizo zinaingia, kaka. Kaza!"

Akakaza. Sijui nani alimtuma kumwuliza mpinzani wake, lakini ndivyo alivyofanya.

Siku ikafika. Jua halijafika utosini, mikono ya Nyati ikaanza kutetemeka. Mchi ukamponyoka, bwaa! Kindi bado yumo: twi, twi, twi.

"Umeniroga!" Nyati akafoka.

"Sijakuroga. Kazi huchanachana nyama za mikono, kidogo kidogo. Ukila na kulala, mwili huzishona, tena huzishona nene kuliko mwanzo. Mimi nilichana, nikaacha zishonwe. Wewe ulichana juu ya kuchana."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Kobe akasema nyumba ni ya Kindi. Nyati akaenda zake, mikono ikining'inia. Siku ya tatu mvua ikashuka, na watoto wanne wakalala pakavu.

Basi wanangu, kazi huita nguvu, lakini nguvu huingia mtu akipumzika.