Paka, Bi Hidaya na Kitanda cha Mfenesi

Hadithi ipo mlangoni, jamani!

*Ifungulie iingie!*

Imekuja na chumvi yake!

*Tutie tuonje!*

Haya, onjeni. Lakini ya leo ni chungu, nawaambia mapema. Wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa hivi, maana baadaye hutapata nafasi.

Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na watu wakiwajibu, palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Hidaya. Mumewe alikuwa Mcha, fundi seremala, mtu mpole mwenye maneno machache. Walikuwa na binti mmoja, jina lake Mize. Na nyumbani mwao alikuwamo Paka.

Paka yule alizaliwa nyumba ile. Mama yake alizaliwa nyumba ile. Panya wakimsikia akipiga miayo tu, wanahama mtaa.

Nyuma ya jiko palikuwa na mfenesi mkubwa. Kila asubuhi Paka alikwenda kwenye shina la mfenesi, akajinyoosha, akaparura, kwaru, kwaru, kwaru. Akishamaliza, anarudi ndani kufanya kazi yake. Mama yake alikuwa akifanya vivyo hivyo, na shina lile lilikuwa na alama za kucha za paka wa siku nyingi.

Basi Mize akaposwa. Katika mji ule, mama wa bibi harusi ndiye anayetandika chumba. Kabla ya harusi, wanawake wa upande wa mume huja kukikagua. Hufunua shuka, huchungulia mvunguni, hupitisha kidole kwenye mbao. Wakipenda, hupiga vigelegele. Wasipopenda, huondoka kimya, na posa hurudi nao. Mnawajua wanawake wa namna hiyo? Mnawajua sana! Wengine mmekaa nao hapa hapa.

Bi Hidaya akamwambia mumewe, "Mwanangu hatalala kwenye kitanda cha kukopa. Kata mfenesi."

Mcha akaukata mfenesi. Akachonga kitanda, akachonga viti, akachonga kabati. Mbao za mfenesi zikang'aa manjano, nyumba nzima ikanukia. Kipande cha shina kilichobaki kikaachwa uani.

Asubuhi yake Paka akatoka nyuma ya jiko. Hakuna mti. Akazunguka, akanusa, akarudi ndani. Akaisikia harufu ya mti wake chumbani kwa bibi harusi. Akajinyoosha kwenye mguu wa kitanda, kwaru, kwaru, kwaru.

"Weee!" Bi Hidaya akapiga kelele. "Paka mwenye husuda wewe! Unamharibia mwanangu!"

Paka akaimba:

*Sina husuda, Bibi, sina ubaya,*
*mti wangu mmeukata,*
*kucha zangu nizipeleke wapi?*

Bi Hidaya hakusikiliza. Akatoka uani, akamkuta Mbuzi. "Mbuzi, nifanyeje na Paka huyu?"

Mbuzi akasema, "Meee, paka mbao pilipili."

Bi Hidaya akatwanga pilipili, akapaka miguu ya kitanda. Paka akaja, macho yakamtoka machozi, akapiga chafya. Akakiacha kitanda, akaenda kwenye kiti, kwaru, kwaru, kwaru.

*Sina husuda, Bibi, sina ubaya,*
*mti wangu mmeukata,*
*kucha zangu nizipeleke wapi?*

Bi Hidaya akamwendea Bata. "Bata, nifanyeje na Paka huyu?"

Bata akasema, "Mmwagie maji. Mimi nayapenda, yeye hayapendi."

Bi Hidaya akakaa na kata ya maji. Paka akija tu, chwaa! Paka akalowa, akatetemeka, akakimbia. Akangoja Bi Hidaya aende kuangalia chungu jikoni, akarudi kwenye kabati, kwaru, kwaru, kwaru.

Safari hii Paka mwenyewe akamfuata Bi Hidaya jikoni, akakaa mbele yake kwa adabu.

"Bibi," akasema, "mimi sikuchukii wala simchukii Mize. Nilikuwa nikilala miguuni pake akiwa mdogo. Lakini kucha za paka lazima ziparure, kama meno yenu yanavyotaka kutafuna. Lile gogo la mfenesi liko uani. Niwekee kando ya mlango wa chumba. Wallahi sitagusa kitu kingine."

Mcha akayasikia, akasema, "Mke wangu, gogo lipo. Nikalilete?"

"Ulilete wapi?" Bi Hidaya akamgeukia. "Wakwe waingie wakute gogo la uani limekaa pamoja na viti vya mwanangu? Waseme Bi Hidaya anatandika nyumba kwa kuni? Thubutu!"

Mcha akarudi kukaa kitako. Ah, Mcha! Upole mwingine ni uvivu, mimi nasema.

Bi Hidaya akaliburuta gogo mwenyewe, akalipasua kwa shoka, akalipanga pamoja na kuni za kupikia pilau ya harusi.

Sasa ukutani palikuwa na tundu, na tunduni alikuwamo Panya. Akatoa pua yake, akasema kwa sauti ya heshima, "Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini wewe?"

"Mimi sitaki kitu. Nakuonea huruma tu. Unapigana na Paka bure. Paka hana kosa, bi mkubwa. Kosa ni la kucha. Ziondoe kucha, ubaki na paka wako na kitanda chako."

Jamani, nani aliyemwambia?

*Panya!*

Na yeye akafanyaje?

*Akamsikiliza!*

Akamsikiliza! Mtu mzima, mama wa binti, anashauriwa na panya juu ya paka, na anaitikia kwa kichwa.

Bi Hidaya akachukua kibakuli, akatia maziwa. Akaita kwa ile sauti aliyokuwa akimwitia chakula tangu utotoni, "Nyau nyau nyau, njoo mwanangu." Paka akaja mbio mkia juu, akidhani wamepatana. Bi Hidaya akamfunga kwa kanga, akamshika barabara. Akamwita mumewe alete koleo.

Sitawasimulia koleo lilifanya nini. Paka alilia hata Mbuzi akaziba masikio, na Mcha aliifanya kazi ile huku ameangalia pembeni. Walipomfungua, alitoka akitembea kama anayekanyaga makaa. Yale maziwa hakuyagusa.

Lakini kuna jambo Bi Hidaya hakulijua, kwa sababu hakuuliza. Paka alikuwa na mtoto. Alizaa kwenye banda la kuni, watoto wengine wakafa, akabaki huyo mmoja, wa kijivu, macho ndiyo kwanza yamefumbuka.

Siku hiyo hiyo Kicheche akapita nyuma ya jiko. Kicheche alikuwa akiipita nyumba ile kwa mbali, akiogopa kucha za Paka. Sasa akaona nyayo za damu mchangani, akazifuata mpaka banda la kuni.

Paka akamkabili. Akapiga kofi. Kofi halina kucha, Kicheche akacheka.

Paka akambeba mtoto wake kwa meno, akakimbilia mnazi wa jirani. Akaruka, akateleza. Akaruka, akateleza. Akaruka tena kwa nguvu zake zote, akateleza mpaka chini. Kicheche akamnyang'anya mtoto mdomoni, akaenda zake hata bila ya kukimbia.

Nyamazeni kidogo.

Haya. Kule ndani nako Panya hakukaa kungoja. Akatoka mchana kweupe, akaita shemeji zake na wajomba zake. Wakala unga. Walipomaliza unga, wakala kamba za kitanda. Walipomaliza kamba, wakaingia kwenye godoro la sufi, wakazaa humo chini ya shuka, Bi Hidaya asijue.

Siku ya kukagua ikafika. Wanawake wa upande wa mume wakaja na kanga zao mpya. Shangazi wa bwana harusi akapitisha kidole kwenye mguu wa kitanda, akaona umepigwa msasa upya, akatabasamu. Kisha akafunua shuka. Vitoto vya panya, vyekundu, bila ya manyoya, vikamwagika miguuni pake, na kitanda kikadidimia katikati.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Waliondoka kimya, mmoja mmoja, na posa ikaondoka nao.

Mize akajifungia chumbani akalia. Bi Hidaya akatoka mbio uani, kichwa wazi, akamkuta Paka amelala penye banda la kuni.

"Paka! Rudi ndani, mwanangu! Panya wametumaliza!"

Paka akanyoosha mikono yake miwili mbele, akamwonyesha.

"Nisamehe," Bi Hidaya akasema. "Nitakuletea gogo, nitakuletea mti mzima! Humsikii Mize? Mwanangu analia!"

Paka akainuka taratibu, akamtazama.

"Una bahati, Bibi," akasema. "Wako unamsikia akilia."

Akaondoka, akichechemea, na nyumba ile hakurudi tena.

Basi ndugu zangu, mafunzo ni haya. Mnyama unayemfuga ana haja yake, kama wewe ulivyo na yako. Ukimnyima pa kuitimizia, ataitimizia kitandani kwako. Na kabla ya kumng'oa mtu kitu, uliza kwanza anakifanyia kazi gani, na uangalie aliyekushauri anakula nini.

Nimeikuta hapo, naiacha hapo. Aliyeiona tamu arambe, aliyeiona chungu ameze hivyo hivyo.

*Tumemeza!*