Yai la Buluu Alilolisusa Kenge

Wa mkekani mpo?

Tupo.

Na wa kwenye vigoda?

Tupo, tumetulia.

Huyo anayetafuna muwa huko nyuma ateme kwanza. Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Na yai.

La rangi gani?

Sema wewe.

La buluu. Basi nyamazeni, niliangue.

Hapo kale, kale ya bibi wa bibi yangu, palikuwa na kijiji bondeni, kando ya mto, na mtoni alikaa Kenge. Kenge huyu hakulima, hakuvua, hakubeba hata kuni. Kazi yake ilikuwa mayai. Asubuhi anapita banda la huyu, anapita banda la yule, anapita banda la mwingine, na akitoka humo yamebaki maganda. Kijiji kikasahau sauti ya kifaranga. Kuku waliokuwapo walizeeka wakachinjwa, na wa kushika nafasi zao hawakuzaliwa.

Uani kwa Bi Nunu walibaki watatu. Kuchi, mtetea mrefu aliyetembea kana kwamba ua ule kaujenga yeye. Kishingo, mtetea asiye na unyoya hata mmoja shingoni, mwenye maneno mengi. Na Jogoo, mwenye undu mwekundu kichwani, sauti yake ikiamsha mtaa mzima.

Bi Nunu mwenyewe alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na roho laini. Msiniulize viliishije pamoja. Mwanawe Shaame akaoa mke, jina lake Siwema, akamleta nyumbani kwa mama.

Sasa, desturi ya kule ilikuwa hivi. Baba wa bibi harusi akija mara ya kwanza kumtazama mwanawe, huchinjiwa kuku mmoja, na akiondoka hufungashiwa kuku mwingine mzima wa kwenda naye. Usipofanya hivyo, umemwambia mkweo kwamba bintiye hakufika pa maana. Ikaja habari kwamba Mzee Ngwali, baba yake Siwema, atafika Ijumaa.

Bi Nunu akamwita Siwema.

"Mwanangu, kuku ni watatu. Mmoja sufuriani, mmoja mkononi mwa baba yako, mmoja abaki kwako uanzie maisha. Wa kuchinja ni Jogoo, hilo halina mjadala. Kati ya Kuchi na Kishingo, chagua atakayebaki. Na uchague vizuri, maana ukikosea, nyumba hii haitafuga tena."

Siwema akaitikia, "Sawa, mama."

Kesho yake akaenda bandani kuwatazama. Akakuta Kenge yumo ndani. Akajibanza nyuma ya tenga. Kenge alikuwa ameshakula, ganda limemshika mdomoni, na kiotani limebaki yai moja tu, la buluu. Akalilamba kwa ulimi wake mrefu. Akaligeuza. Akalinusa.

"Hili changa," Kenge akasema. "Halijaiva. Nitalipitia likiiva."

Akajikokota zake mtoni.

Siwema akambebea mama mkwe lile yai. "Mama, hili ni la nani?"

"Ah, hilo? Viza hilo. Kila siku hubaki moja. Mimi huyatupa shimoni."

Kichwani mwa Siwema mlikuwa mmepambazuka. Yai asilolila Kenge ni yai litakaloanguliwa. Akimpata kuku anayetaga mayai ya buluu, kijiji kitasikia vifaranga tena. Akimfungasha kuku huyo kwa baba yake, basi, imekwisha.

Akatoka uani.

"Kuchi, Kuchi, yai la buluu la nani?"

"Langu," akasema Kuchi. "Itazame miguu yangu. Yai zuri litoke kwa nani mwingine?"

"Kishingo, Kishingo, yai la buluu la nani?"

"Langu, haki ya Mungu. Unaiona shingo hii? Manyoya yaliniisha kwa kuitafuta hiyo rangi."

Mnaelewa kwa nini wote walisema langu. Kuku naye ana masikio, na habari za Ijumaa zilikuwa zimeshafika bandani.

Siwema, kwa mzaha tu, akamgeukia wa tatu. "Jogoo, Jogoo, yai la buluu la nani?"

"Langu," akasema Jogoo.

Siwema akacheka mpaka akashika mbavu. Kuchi akacheka. Kishingo akacheka. Bi Nunu, aliyekuwa akipepeta mchele barazani, alicheka mpaka nusu ya mchele ikamwagika. Jogoo akainama, akaanza kudonoa mchele uliomwagika.

Jioni kuku walipoingia kulala, Siwema akachukua manjano na mafuta, akampaka Kuchi chini ya mkia. Akachukua masizi ya chungu na mafuta, akampaka Kishingo chini ya mkia. Yai likitoka, lazima libebe alama ya mwenyewe. Kuchi alinuna. Kishingo alitukana, na matusi yake siwezi kuyasema mbele ya watoto.

Asubuhi Siwema akakaa mlangoni mwa banda, mchi mapajani. Kenge akaja, akauona mchi, akasema leo hana njaa sana, akarudi.

Siwema akatazama kiotani. Yai jeupe, lina mstari wa manjano. Yai la kahawia, lina mstari wa masizi. Na yai la buluu, safi, halina alama yoyote.

Akaketi chini palepale. Mitetea wawili, mayai matatu. Hesabu hiyo haikuwahi kufanywa uani pale, kwa sababu kila siku Kenge alikuwa ameshaila.

Akainuka, akamshika Jogoo, akampakata. Akampapasa kama mama yake alivyomfundisha kupapasa mitetea, akitafuta ile mifupa miwili ya nyonga. Kwa jogoo hugusana. Kwa huyu vidole vyake vitatu vilipita katikati bila taabu.

"Jana nilikwambia ni langu," Jogoo akasema, "ukanicheka."

"Nisamehe. Lakini mbona unawika?"

"Jogoo wa nyumba hii alichinjwa zamani. Ikawa hakuna wa kumwamsha mama wa watu, anachelewa maji, anachelewa shamba, anakaa analia. Nikamwonea huruma, nikajaribu. Sauti ikatoka. Wakaniita Jogoo nami nikanyamaza, maana najua kijijini hapa kuku jike anayewika hupelekwa wapi."

"Na mume?"

"Jogoo wa jirani huvuka ua kila asubuhi. Ninyi mnadhani anakuja kupigana."

Siwema hakucheka. Alijua vizuri anachosema kuku yule. Kijijini kwao kuku jike akiwika ni uchuro, na uchuro huchinjwa siku hiyo hiyo.

Ijumaa ikafika, na Mzee Ngwali akafika, vumbi mpaka magotini. Akakaribishwa, akapewa maji, akakaa. Bi Nunu akatoka na kisu.

"Haya, mwanangu. Nani anabaki?"

"Abaki Jogoo, mama."

"Jogoo peke yake? Utafuga kelele?"

"Jogoo anataga. Yai la buluu ni lake. Nimempapasa kwa mkono wangu."

Bi Nunu akasimama wima. "Kuku jike, anawika, nyumbani kwangu? Huo uchuro. Huyo ndiye wa kwanza sufuriani, tena sasa hivi."

Siwema ni mgeni katika nyumba ile, harusi bado inanukia, na hapo barazani baba yake anatazama. Kumbishia mama mkwe mbele ya baba, nani anathubutu? Lakini akampakata Jogoo kwa nguvu zaidi, akasema:

"Mama, alfajiri anakuamsha nani?"

"Yeye."

"Mama, yai ambalo Kenge ameliacha ni la nani?"

"Si umesema lake?"

"Mama, tangu ameanza kuwika, uchuro huo umekuletea msiba gani?"

Bi Nunu akafikiri msiba wa kwanza, haukupatikana. Akafikiri wa pili, haukupatikana. Akatafuta wa tatu hata kwa majirani, wapi.

Mzee Ngwali akakohoa. "Mkwe wangu, mimi nimetembea tangu alfajiri. Kuku yeyote ni kitoweo."

Bi Nunu akacheka asitake kucheka. Akampa Shaame kisu. "Nenda na Kuchi. Huyu mwache kwa mkeo."

Kuchi akaliwa kwa wali, na alikuwa mtamu kuliko alivyokuwa mpole. Kishingo akafungashwa, akaenda na Mzee Ngwali, na njia nzima hakufunga mdomo.

Jogoo akataga yakatosha, akaatamia. Kenge akaja, akalamba. "Bado changa." Akaja tena, akalamba. "Bado kidogo." Akaja mara ya tatu, akakuta ganda limepasuka, akaingiza ulimi, na kifaranga akamdonoa kwenye ncha.

"Haya yameoza," Kenge akalia. "Yana miguu."

Akakimbilia mtoni, na tangu siku hiyo anakula vyura.

Vifaranga wakakua, wakataga buluu, na kila nyumba ikaja kuomba mbegu. Wakija kuchagua, hawatazami tena urefu wa miguu wala wingi wa maneno. Wanampakata kuku, wanampapasa, na akisema neno wanamsikiliza.

Na kila alfajiri Bi Nunu akiisikia ile sauti, humwambia Siwema kwa furaha, "Uchuro wangu umeshawika, mwanangu. Tuamke."

Ngano imeatamiwa, imeanguliwa. Mafunzo yake ni haya: ukimwuliza mtu jambo, lisikilize hata lile jibu linalokuchekesha, na kabla hujamtia kuku sufuriani mpapase kwanza. Ikiwa nzuri, gawaneni vifaranga. Ikiwa mbovu, niachieni maganda.

Na wewe wa muwa, nimekuona. Kesho utakuja na wangu.