Nguvu za Nkwimba Zilikokwenda

Mtu mmoja, jina lake Luhende, alikuwa na mke mwenye mikono ya kuogopwa. Nkwimba alipotwanga, jirani alijua ni yeye bila kuchungulia. Alipobeba gunia la mpunga, wanaume walitazama pembeni. Juu ya kiwiko alivaa bangili ya shaba aliyovishwa akiwa mwari, na mkono ulikuwa umejaa ukaikaba, hata kwa sabuni haikutoka.

Akaugua. Homa ya mapafu ilimwangusha wakati wa palizi, akalazwa hospitalini katika chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikawa inampumulia. Luhende aliruhusiwa kuingia, asimame, atazame, atoke. Alimwomba Mungu jambo moja tu, amwachie mkewe. Mungu akamwachia. Mashine ikaondolewa, Nkwimba akafumbua macho, akauliza kwa sauti ya kukwaruza kama palizi imekwisha.

Hapo ndipo Luhende alipoiona bangili. Ilikuwa imeteleza mpaka kwenye kifundo cha mkono, inacheza kama ya kuazima. Akaupapasa mkono, akakuta ngozi na mfupa. Paja nalo hivyo hivyo. Alistaajabu kuliko alivyoogopa. Mtu amelala, halimi, hatwangi, analishwa kwa mpira puani, wala hakuna aliyemkata kwa kisu. Nyama imekwenda wapi? Shamba likilazwa hupata rutuba. Mbona mtu aliyelazwa amechakaa? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, naye alichungulia hata chini ya shuka, masikini.

Akamuuliza muuguzi ni nani aliyemwibia mkewe. Muuguzi hakucheka.

"Baba, hakuna mwizi. Mwili ulikuwa vitani, ukajila wenyewe ili uishi, na kiungo kilicholala bila kazi huisha upesi. Sasa mwacheni ajinyanyue mwenyewe, kidogo kidogo, la sivyo hatasimama tena."

Luhende alielewa, maana mwaka wa njaa baba yake alichinja maksai wa kulimia. Nyumba ile iliokoka. Mvua zilipokuja, watu walikuwa hai na plau ilikuwa nzima, ila hapakuwa na wa kuivuta. Ikabidi wafundishe ndama upya, nao walianguka sana shambani kabla ya kulima mstari mmoja.

Lakini alikuwa na dada wawili, nao walimpenda wifi yao kwa dhati. Walimlisha kijiko kwa kijiko, wakamgeuza, wakamfuta mdomo, nusura wamtafunie. Kwao mgonjwa anayejishikia kikombe ni mgonjwa aliyetupwa, na aibu yake ni ya ukoo mzima. Luhende alipowaambia waache, dada mkubwa alimkazia macho. "Kaka, unataka watu waseme tumemchoka?"

 Luhende alichukua kikombe chenye uji wa uvuguvugu, akakiweka mkononi mwa Nkwimba, akaketi kando ya kitanda. Mkono ukapanda, ukatetemeka, ukashuka. Ukapanda tena. Uji ukamwagika kifuani, dada mdogo akaanza kulia. Nkwimba akamtazama mumewe kwa hasira, ile hasira yake ya zamani, na Luhende akafurahi kuiona. Hata hivyo mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshanyooka kwenda kumsaidia, bila kutumwa. Akairudisha, akaiingiza chini ya mapaja yake, akaikalia. Iliuma kukaa hivyo. Hata siku za mashine hakuumia namna ile. Kikombe kikapanda mara nyingine, ukingo ukagusa mdomo, Nkwimba akameza funda moja.

Ndugu zangu, kumnywesha uji tumpendaye sote tunaweza; ni nani kati yetu awezaye kuikalia mikono yake?