Pimbi, Fisi na Pikipiki Nyekundu Iliyorudi Peke Yake

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa barabara.

Barabara ya nani?

Ya mwenye honi.

Na asiye na honi?

Apite kando, na asikohoe.

Haya basi, tuketi huku huku kando, maana naona ndiko wengi wetu tuliko. Anayeogopa ukungu amshike jirani. Asiye na jirani, pole sana.

Zamani, lakini si zamani sana, kulikuwa na bonde lililoitwa Bonde la Ukungu. Ukungu wa huko haukuwa wa asubuhi tu. Ulikuja saa sita mchana, jua likiwa juu, ukafunika barabara, ukafunika kona, ukakaa. Ukimwita mwenzako ndani yake, sauti inayokujibu huenda isiwe yake.

Katika bonde hilo aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi. Mdogo, mnene kidogo, hana mkia, na kazi anayoipenda ni kuota jua juu ya mwamba. Lakini Pimbi huyu alikuwa amesoma. Alisoma mpaka masomo yenyewe yakachoka. Akavishwa kofia ile ya pembe nne, akapigwa picha, mama yake akalia. Akaenda kuomba kazi kwa Ndovu. Ndovu akasema, "Tutakupigia." Akaenda kwa Nyati. Nyati akasema, "We will get back to you." Akaenda kwa Twiga. Twiga hakusema kitu, alikuwa anatazama mbali. Mpaka leo hakuna aliyepiga, na simu ya Pimbi iko on.

Siku moja mama yake akamwambia, "Baba, hiyo digrii imekaa ukutani, haijui hata kuchemsha maji. Wenzako wanabeba abiria. Chukua blanketi langu, ukabadilishe na pikipiki."

Blanketi lilikuwa hilo hilo moja. Na baridi ya mwezi wa saba ilikuwa njiani, kila mtu aliisikia ikija.

"Mama, na wewe utajifunika nini?"

"Nitajifunika pikipiki. Si ndiyo unaenda kuleta?"

Pimbi akakunja blanketi, akaliweka begani, akashuka.

Njiani akamkuta Kobe. Kobe alikuwa mwalimu wa kuendesha. Shule yake ilikuwa uwanja, na uwanja wenyewe ulikuwa mawe yaliyopangwa, mwanafunzi anayazunguka huku na huku bila kuligusa hata moja. Mwanafunzi alivishwa herufi L mgongoni, ili barabara nzima ijue kwamba huyu bado.

"Mwalimu," Pimbi akasema, "nataka pikipiki ya kwanza na leseni. Mfukoni sina kitu. Nina blanketi hili tu, na si langu."

Kobe akamtazama miguu. "Ya kwanza iwe ndogo. Ukikaa, nyayo zote mbili zifike chini. Ikikuangukia, uweze kuiinua bila kumwita mtu. Kisha uje hapa, nikuvike L, uzunguke mawe haya mpaka yakuzoee. Halafu mtihani. Halafu leseni."

"Itachukua muda gani?"

"Kijana, unaongea na Kobe."

"Na ada?"

"Utanibeba kupanda kile kilima kila jioni. Goti linanisumbua."

Pimbi akacheka. "Mimi walimu nimewabeba vya kutosha, Mwalimu. Nimewabeba kichwani miaka yote, na angalia wamenifikisha wapi."

Akaendelea kushuka. Kobe hakumwita.

Sasa huko chini, penye njia panda, ndiko Fisi alikokuwa na yadi. Yadi ya Fisi ilikuwa na pikipiki na meza. Pikipiki za kuuza, na meza ya leseni. Vyote mahali pamoja, one stop shop. Unaingia ukitembea, unatoka umepanda, una leseni shingoni ambayo wino wake bado unanuka.

Swara alikwenda kwa Fisi. Fisi akamuuliza, "Utapitia kwa Kobe?" Swara akasema, "Kobe wa nini?" Akapewa pikipiki kubwa, nyeusi. Akaingia kwenye ukungu. Ndu-ndu-ndu-ndu. Kimya.

Kisha, ndu-ndu-ndu-ndu, ikarudi. Tsss. Ikazima.

Ngiri alikwenda kwa Fisi. Fisi akamuuliza, "Utapitia kwa Kobe?" Ngiri akasema, "Kobe wa nini?" Akapewa pikipiki kubwa, ya bluu. Akaingia kwenye ukungu. Ndu-ndu-ndu-ndu. Kimya.

Kisha, ndu-ndu-ndu-ndu, ikarudi. Tsss.

Mghoi naye alikwenda, akapewa ile ya bluu. Huyu Mghoi alikuwa pimbi pia, mtoto wa mama mdogo wake Pimbi. Mama yake Pimbi mwenyewe ndiye aliyemfungia uzi wa mkonge, fundo la ukoo, auvishe kwenye usukani ili asipotee. Mghoi akaingia kwenye ukungu. Ndu-ndu-ndu-ndu. Kimya.

Mtauliza, jamii zao hazikuuliza? Ziliuliza sana. Fisi akawajibu, "Amepata kazi mjini. Kazi nzuri, ya kiti cha kuzunguka." Basi wakaenda nyumbani wakashangilia, wakachinja. Mwambie mzazi mtoto wake amepata kazi, uone kama atauliza swali la pili.

Pimbi akafika yadi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye uzio. Fisi akatokea ndani yake, meno kwanza.

"Karibu, graduate. Karibu, mkubwa. Nimekusikia. First class, sivyo?"

"Second upper, mzee."

"Hata hiyo inaliwa." Fisi akajifuta mdomo. "Tuseme inakubalika. Njoo uone chombo."

Katikati ya yadi ilisimama pikipiki nyekundu. Kubwa, ndefu, inang'aa kama jicho lililotoka kulia. Kando yake, imeegemea ukuta, kulikuwa na kidude cha kahawia, tangi limebonyea, kiti kimeshonwa kwa kamba, cha kuwashwa kwa teke.

"Ile ndogo vipi?" Pimbi akauliza.

"Ile?" Fisi akacheka kile kicheko chake. "Utampandisha nani pale? Panzi? Wewe ni msomi. Chukua nyekundu. Blanketi hili nalipokea kwa vyote viwili, pikipiki na leseni. Kwa Kobe utazunguka mawe mpaka uote mkia."

Akamwekea leseni mezani. Mahali pa jina palikuwa tupu, na mahali pa picha palikuwa tupu.

"Mbona haina picha?"

"Itajitokeza yenyewe. Ukifika kona."

Pimbi alikuwa na haraka ya njaa, lakini alikuwa na tabia moja ya watu wanaonunua vitu vilivyotumika. Kabla injini haijawashwa mbele yake, aliweka kiganja juu yake. Muuzaji mjanja huipasha moto mapema, ili ile inayosumbua kuwaka iwake mara moja mbele ya mteja. Injini ya kweli ya kuuzwa inatakiwa iwe baridi.

Akaweka kiganja. Ilikuwa ya moto.

"Mzee, nani ameiendesha leo?"

"Hakuna."

"Sasa joto limetoka wapi?"

"Jua hilo."

Pimbi akatazama juu. Hakukuwa na jua. Akatazama chini. Kiganja chake kilisikia kitu ndani ya chuma, polepole, kikipanda na kushuka, kama ubavu wa mnyama aliyelala ameshiba. Akakwaruza rangi kwa ukucha. Chini ya nyekundu, bluu. Chini ya bluu, nyeusi. Akapapasa usukani, na chini ya ile nyekundu kidole chake kikagusa kijinundu. Akakijua. Kilikuwa fundo la mama yake.

Hakupiga kelele. Pimbi akipiga kelele bonde zima linaamka. Alipiga goti, akaangalia gurudumu. Mahali pa breki hapakuwa na breki. Palikuwa na alama ya meno.

"Umeipenda?" Fisi akamuuliza, karibu sana na sikio.

Mbele yake Fisi, nyuma yake ukungu. Akikataa, analiwa hapa. Akikubali, analiwa kwenye kona. Na blanketi la mama lilikuwa tayari mkononi mwa Fisi.

"Nimeipenda mno, mzee," Pimbi akasema. "Naichukua. Shida ni ukoo."

"Ukoo una shida gani?"

"Si unajua mambo ya kuosha pikipiki? Ukinunua chombo, watu wanakusanyika, wanakula, wanaosha. Sisi pimbi tuna sheria zetu. Pikipiki ya kwanza katika ukoo haiji na mnunuzi. Inaletwa na muuzaji mwenyewe, amepanda, anapiga honi kuanzia chini mpaka juu. Ndipo wote wanajipanga juu ya mwamba wamsalimie."

"Mimi siendeshi. Mimi nauza."

"Sawa, mzee, usijali. Ngoja nikawaambie watawanyike. Maskini, wameshaanza kujilaza. Hata shangazi yule asiyeweza kukimbia wamembeba wakamweka mbele, ndiye wa kukupa mkono."

Fisi akafungua mdomo. Udenda ukaanguka kwenye vumbi, to.

"Huyo shangazi ni mnene?"

"Anashindwa kugeuka bila kusaidiwa."

"Na wote watakuwa wamelala?"

"Wamelala chali, mzee. Wanaota jua. Huko juu ukungu haufiki."

To. To. To.

"Utapitia kwa Kobe kwanza, akuonyeshe gia?" Pimbi akauliza, kwa upole kabisa.

Fisi akaona ametukanwa. "Kobe wa nini? Leseni si ninazo meza nzima?" Akachukua ile tupu akaitundika shingoni. Breki alijua hazipo, alizitoa mwenyewe. Kona aliijua, ndiko alikokula miaka yote. Lakini mwenye mali ana ugonjwa wake. Hudhani mali yake inamjua.

Akaweka blanketi mezani. Akapanda. Hakuiwasha, iliwaka yenyewe.

"Nisubiri hapa," akasema.

"Nitakuwa hapa hapa, mkubwa."

Akaingia kwenye ukungu. Ndu-ndu-ndu-ndu. Honi ikalia, piii, piii. Ikalia tena, mbali kidogo. Kisha ikalia mfululizo, kama anayeomba apishwe na kitu asichokiona.

Kimya.

Pimbi akasimama peke yake yadini. Alijua huko kwenye kona, siku zote, kulikuwa na mtu anayengoja. Siku hiyo anayengoja ndiye aliyepanda. Alichokipata kile chombo, kilikila chenyewe. Na kilichukua muda.

Kisha, ndu-ndu-ndu-ndu.

Ikatoka kwenye ukungu taratibu, kiti kitupu. Ikajiegesha mahali pake. Tsss. Kwenye usukani ilining'inia leseni, na mahali pa picha pakaanza kuingia rangi, kama chai inavyoingia kwenye maji. Meno kwanza. Kisha macho. Fisi, amepigwa picha akicheka, lakini macho hayakuwa yakicheka.

Taa ya mbele ikawaka. Ikamgeukia Pimbi.

Pimbi akachukua blanketi. Akakikokota kile kidude cha kahawia, hakukipanda, maana hakuwa na leseni na aliyekuwa nazo hakuwepo. Akapanda mlima mguu kwa mguu. Nyuma yake, ndu-ndu-ndu. Akisimama, inasimama. Tsss. Akienda, inaenda. Hakugeuka.

Alipofika uwanjani Kobe alikuwa amekaa pale pale.

"Mwalimu, nimekuja kubeba."

"Nilidhani umewabeba vya kutosha."

"Nimebakiza mmoja."

Akavishwa L. Akazunguka mawe, akaanguka, akainua kidude chake bila kumwita mtu. Jioni akambeba Kobe, na Kobe ni mzito kuliko anavyoonekana. Kila siku, pembeni mwa uwanja, ukungu ulipoanzia, nyekundu ilisimama imewaka inamtazama, kama mwajiri anayesema tutakupigia. Mawe yakamzoea. Mtihani ukaja, ukapita. Leseni yake ikatoka na sura yake mwenyewe, mbaya kama picha zote za leseni, na hiyo ilikuwa raha tupu.

Abiria wake wa kwanza alikuwa mama. Akampandisha nyuma, amejifunika blanketi lake, wakashuka barabara ile ile. Saa sita, ukungu ukashuka. Wakaikaribia kona. Nyuma yao, ndu-ndu-ndu-ndu, ikaja karibu, honi ikalia, piii, ikilia kama cheko.

Pimbi akashusha gia. Akagusa breki. Ikashika.

"Baba," mama akasema, "yule nyuma yetu ana haraka. Na mbona kiti chake hakina mtu?"

"Usimwangalie, Mama."

"Basi mpishe. Mwenye haraka huwa anapishwa."

Pimbi akasogea kando. Nyekundu ikawapita, leseni ikipepea kwenye usukani juu ya kile kijinundu, ikaingia kwenye kona, ikaenda. Mama akaikodolea macho mpaka ikamezwa, akajifunika vizuri.

"Lile fundo," akasema polepole, "nililifunga mimi."

Pimbi akagusa breki tena. Akaichukua kona taratibu, wakatokea upande wa pili, palipo na jua.

Haikurudi tena Bonde la Ukungu. Inasemekana imepakwa rangi nyingine, iko mahali fulani inauzwa, bei ya kutupa, leseni juu yake. Ukiiona, iguse.

Ngano yangu imeishia hapa. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia ataamshwa na honi.

Na kwa kuwa kila ngano lazima iwe na funzo, otherwise mtasema nimewapotezea muda, funzo ni hili: muuzaji akikuapia kwamba chombo ni kizima na leseni ya haraka haina neno, mwamini. Fisi aliamini, akapanda, na mpaka leo hajarudi kulalamika.