Chai ya Moto Haisemi Sukari Yake

"Chai ya moto haisemi sukari yake." Ndivyo baba yenu alivyomjibu jirani asubuhi ya leo, nanyi mmenijia mbio mniulize maana. Kaeni. Wewe Hidaya, weka simu hiyo chini, haina miguu. Watu watawaambia methali hii ni ya wahenga. Wahenga gani? Ilianzia humu ndani, na aliyeisababisha kwa ubaya wake ni mimi ninayewasimulia. Ilikuwa hivi.

Baba yangu alipofariki, mama alibaki na majonzi na ugonjwa wa kisukari. Chai isiyo na sukari ilimshinda kabisa. Kaka yangu Kaniki, aliyekuwa akifanya kazi Tanga, akamletea kopo la sukari ya matunda. Ilikuwa nyeupe na laini kama chumvi. Aliambiwa dukani kwamba ni utamu uleule uliomo ndani ya tunda na asali, kwamba inaishinda sukari ya kawaida kwa utamu, na haipandishi sukari ya damu kwa kasi ile. "Nusu kijiko inatosha," akamwagiza mkewe, Zahabu, bibi yenu tuliyemzika mwaka juzi. Kisha akarudi kazini.

Huku milimani tunakunywa chai inayotokota. Isiyounguza ulimi si chai, ni maji ya kunawa. Zahabu akatia nusu kijiko, mama akaonja, akasema haijakolea. Akaongeza. Bado. Vilipofika vijiko viwili mama alichoka, akanywa nusu, kikombe akakiweka juu ya kigoda cha marehemu, karibu na dirisha ukungu unapoingilia. Alipokirudia baadaye, chai ilikuwa tamu hata ikamkereketa koo.

"Baba yenu amepita," mama akatuambia. Hakuogopa, alitabasamu. Enzi za uhai wake marehemu alikuwa na mazoea ya kumwongezea sukari kwa siri.

Ikawa hivyo kila siku. Mimi nilikuwa sijaolewa bado, mjuaji, ulimi kama wembe. Siku moja nikaionja chai ya mama ikiwa ya moto, nikaiacha kwenye kigoda, nikafunga chumba, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga, na mlangoni nikakaa mwenyewe. Nilipofungua na kuonja, utamu ulikuwa umezidi maradufu. Chumbani hakukuwa na mtu. Ukungu tu ulikuwa umetanda juu ya kigoda kile. Wajukuu zangu, nywele zilinisimama.

Halafu mama akaanza kuugua tumbo. Lilijaa, likanguruma, akaharisha, akakonda. Hapo hofu yangu ikatafuta mtu wa kumwangukia. Baba hawezi kumdhuru mama, nikasema moyoni. Basi huu ni mkono wa mtu, na anayeshika kopo ni mmoja tu.

Nilimkuta Zahabu jikoni, majirani wawili wamekuja kumjulia mama hali.

"Wifi, unamtilia nini mama kwenye chai?"

"Sukari aliyoileta kaka yako. Akisema niongeze, naongeza mbele ya macho yake."

"Na ile inayoongezeka chumba kikiwa kimefungwa? Kwenu dawa hiyo mnaiitaje?"

Aliiweka sufuria chini taratibu. "Una hofu, wifi. Kikombe kile hata mimi kinanitisha. Tumngoje Kaniki aje."

"Mchawi hangojewi," nikasema. "Toka kabla hujamuua mama yangu."

Majirani wakainamisha macho. Zahabu akafunga nguo zake kwenye shuka, akashika njia ya kwao peke yake, kwa miguu, ana mimba ya miezi saba. Mimba hiyo ndiyo baba yenu.

Alasiri nikapika chai mwenyewe. Nikatia sukari ya kopo lile lile, nikaonja, haikukolea. Nikaongeza kijiko, nikakaa na kikombe mikononi bila kupepesa macho, maana nilitaka nimwone huyo anayekuja. Mvuke ukapungua, ukaisha. Kikombe kikapoa. Hakuna aliyeingia. Nikanywa, na ilikuwa tamu ya kukereketa. Mchawi wangu alikuwa mbali, njiani kwenda kwao, na chai imekolea mikononi mwangu. Niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu sasa nilijua nilichomtendea mtu.

Nikakimbilia kwa muuguzi wa zahanati na kikombe changu. Akaonja, akaniuliza habari za kopo.

"Sukari ya matunda ndivyo ilivyo," akasema. "Kwenye moto utamu wake hupungua, kwenye baridi huzidi. Ndiyo maana hufaa kwenye vinywaji baridi. Mama unampa vijiko vingapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Hivyo ndivyo vilivyomvuruga tumbo. Hata kwa mwenye kisukari ni kidogo tu. Ikizidi, ini ndilo linalobeba mzigo. Mpeni chungwa ale, itamfaa zaidi."

Mama alipoyasikia hayo, kwanza alimlilia baba upya, maana kumbe hakuwa amepita. Kisha akanitazama, akasema: "Chai ya moto haisemi sukari yake, mwanangu. Nawe hukungoja ipoe."

Kesho yake nikamfuata Zahabu kwao, nikampigia magoti. Alirudi. Alimzaa baba yenu humu humu, akanisamehe mbele ya wazee, na nilipougua ni yeye aliyeniuguza. Lakini tangu siku ile mpaka tulipomzika, hakunimiminia chai tena. Aliwamiminia wote, kikombe changu akakiacha kitupu na birika pembeni, nijimiminie mwenyewe. Hakikuwa kinyongo. Aliniogopa, miaka yote hiyo, na mimi nilimpenda. Basi mkiambiwa chai ya moto haisemi sukari yake, ngojeni ipoe.