Chapa ya Fundi Pagrave

Rowland Pagrave alikatwa masikio yote mawili mbele ya umati wa London, kwa kosa la kufanya kazi kama alivyoagizwa. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Maana yake haina mzunguko: wembe uliopita kichwa cha jirani unaijua njia ya kwako, basi jiandae. Rowland aliuona wembe huo kwa macho yake. Tena aliamka alfajiri kuwahi nafasi ya mbele ili auone vizuri.

Alikuwa fundi wa mikuki ya mchezo, ile mikuki mirefu ya mbao ambayo mabwana waliovaa chuma mwili mzima walipigana nayo vifuani juu ya farasi, uzio ukiwatenganisha. Mkuki uliovunjika kifuani kwa mpinzani ulihesabiwa alama, na aliyevunja mingi ndiye aliyekuwa bingwa. Zamani kazi hiyo haikuwa na ulaji. Mfalme mzee, wa kwanza katika ukoo wa Tudor, alikuwa na mkono mgumu kama gome, na mawaziri wake wawili waliwakamua watu mpaka tone la mwisho. Alipokufa, kiti kilirithiwa na mwanawe, kijana mrefu, mzuri wa sura, mwimbaji, mpanda farasi, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Watu walimpenda kama jua baada ya kipupwe.

Jambo la kwanza alilofanya kijana huyo ni kuwakamata wale mawaziri wawili. Hawakushtakiwa kwa kukamua watu, maana hapo ingebidi kuuliza waliwakamua kwa amri ya nani. Walishtakiwa kwamba walipanga njama dhidi ya mfalme mpya. Mwezi wa Agosti mwaka uliofuata, walipelekwa kwenye kilima kando ya Mnara wa London, ngome na gereza la mfalme, kukatwa vichwa.

Rowland alikwenda na mkewe Custance, pamoja na jirani yao Jankin Fenner, muuza samaki wa mikunga. Walibeba mkate wa nyama na mtungi wa pombe kama watu waendao harusini.

"Kata vizuri, bwana!" Jankin alimpigia kelele mshika shoka. "Shingo hiyo imenona kwa jasho letu!"

Watu wakaangua kicheko. Rowland alicheka hadi pombe ikampalia.

Custance hakucheka. "Hawa walitumwa," alisema. "Aliyewatuma kazikwa kwa heshima zote."

"Nyamaza, mwanamke. Walikuwa wezi."

"Wezi walioiba wakampelekea nani?"

"Huyu si kama baba yake. Hujamwona anavyocheka na watu?"

"Nimemwona anacheka. Na ninaona vichwa vinavyodondoka."

"Mke wako huyu, Rowland," Jankin alisema, "ukimpeleka peponi atauliza nani anafagia."

Mwezi wa Oktoba, Bwana Everard Colwich aliingia karakanani. Yeye ndiye aliyesimamia michezo ya mfalme, na kila fundi wa mjini alitamani kivuli chake kipite mlangoni.

"Fundi, unajua kasoro ya mikuki yako?"

"Mikuki yangu haina kasoro, bwana mkubwa."

"Ndiyo kasoro yenyewe. Haivunjiki." Colwich alikaa juu ya benchi la kazi. "Mfalme anapenda kuona vipande vikiruka. Upande wake ukivunja miwili tu kati ya sita, chakula cha jioni tunakula kama matangani. Nataka mikuki thelathini ya upande wa mfalme. Ichimbe ndani, toka mpini hadi ncha, iwe kama tete."

Rowland alikuna kidevu. Aliyemfundisha kazi alimwachia sheria moja: mkuki huchimbwa robo tu, kwa kuwa mti uliochimbwa wote kuna siku hauvunjiki bali hupasuka, na mpasuko wake hutoa vibanzi virefu kama visu. Akasema hivyo.

"Kofia za chuma zipo kwa kazi gani?" Colwich aliuliza.

Custance alitoka nyuma na mikono yenye unga. "Bwana mkubwa, tunaomba agizo hilo liandikwe kwenye karatasi."

Colwich alicheka, tena kwa wema. "Mama, ukimwonyesha mfalme huyu karatasi anakimbilia farasi. Neno langu ni neno lake."

Alipoondoka, Custance alifunga mlango. "Wale wa kilimani nao walipewa neno."

"Wale walikuwa watoza kodi. Mimi ni fundi."

"Basi kataa."

"Nikikataa, kesho kazi iko kwa fundi mwingine, na sisi tunarudi kuchonga mipini ya majembe."

"Basi usitie chapa yako."

Hapo Rowland alikasirika. Kila fundi mjini alikuwa na chapa yake, iliyoandikwa katika kitabu cha chama cha mafundi. Yake ilikuwa umbo la kwato, aliyoichoma kwa chuma cha moto chini ya mpini. "Mkuki usio na chapa ni mtoto asiye na baba," alisema. "Nataka siku moja mfalme augeuze mpini aulize: huu kautengeneza nani?"

Akachimba mikuki thelathini, akaipaka kijani na nyeupe, rangi za mfalme. Akachoma kwato thelathini.

Mwezi wa Novemba mchezo ukapigwa. Mikuki ya upande wa mfalme ilivunjika kama makaka ya mayai, na umati ukapiga kelele hadi kunguru wakahama. Wa tisa ulishikwa na rafiki mmoja wa mfalme. Haukuvunjika, ulipasuka. Kibanzi cha urefu wa mkono kilipenya tundu la kofia ya kijana wa upande wa pili, kikamtoa jicho.

Inasemekana mfalme alilia machozi ya kweli, akampeleka majeruhi kwa tabibu wake mwenyewe. Kisha akataka kujua mkuki ule kautengeneza nani.

Colwich aliugeuza mpini.

Rowland alishtakiwa kwamba alipanga njama dhidi ya mfalme, kwa kuwa mkuki ule ungeweza kushikwa na mfalme mwenyewe. Bwana Colwich aliapa mbele ya majaji kwamba hakumjua mtu huyo ila kwa chapa yake.

Custance aliandikisha ombi la msamaha, akasimama langoni kwa mfalme siku nne, nguo zikiwa zimelowa.

"Yuko mawindoni," mlinzi alimwambia.

"Na jana?"

"Jana alikuwa anatunga wimbo."

"Na kesho?"

"Kesho kuna dansi. Mama, nenda nyumbani. Baba yake angelisoma ombi lako neno kwa neno, kisha akakunyima. Huyu atakunyima bila kusoma. Tofauti yao ndiyo hiyo."

Hukumu ikatoka, ikaitwa huruma. Rowland hatakufa. Atafungwa kwenye mkatale sokoni, shingo na mikono ndani ya matundu ya ubao, akatwe masikio, kisha chapa yake ifutwe kitabuni.

Siku hiyo umati ulikuwa mkubwa. Watu walibeba mikate ya nyama na mitungi ya pombe. Rowland aliinua macho kadiri ubao ulivyomruhusu, akamwona Jankin Fenner mstari wa mbele.

"Kata vizuri, bwana!" Jankin alipiga kelele. Watu wakaangua kicheko.

"Mungu ambariki mfalme!" mwingine aliitikia, na soko zima likadakia.

Kijana yule alipoteza jicho moja. Rowland alipoteza masikio mawili, karakana moja, patasi kumi na nne, randa tano, na chuma cha chapa kilichopondwa kwa nyundo mbele yake. Wafanyakazi wake watatu walitawanyika. Custance alifukuzwa kwenye nyumba aliyoishi miaka kumi na saba. Bwana Colwich hakupoteza kitu, na Krismasi aliagiza mikuki mingine thelathini kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye siku ile ya mkatale alikuwepo pale sokoni, akicheka. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.